Siku Niliyoombewa kwa Sababu ya Kisusio

Ulikuwa mwaka wa mtori wa viazi. Watu wa huku mlimani nikisema hivyo wananielewa bila kutafuta kalenda: upepo ulilaza migomba kihamba kwa kihamba (ndiyo mashamba yetu ya nyumbani), ndizi zikawa za kuhesabu, mwanamke akijifungua, badala ya mtori wa ndizi anapikiwa mtori wa viazi vilivyovushwa kutoka Kenya kupitia Tarakea, anaunywa amekunja uso kama anameza dawa. Mwaka huo ndio nilioaibika. Nimeaibika mara nyingi maishani (niliwahi kuteleza na mkungu kichwani mbele ya maandamano ya Ekaristi, nikamwangukia mweka hazina wa kigango), lakini hii ya kisusio nimechoka kuisikia kwa watu, maana kila anayeisimulia ananiongezea bakuli. Yalikuwa mabakuli mawili. Naisimulia mwenyewe, nikiwa bado nina meno ya kusimulia.

Lazima nianze na kaka yangu Kanuti. Kanuti alikufa kwa saratani ya utumbo mpana. Alitoka damu chooni miaka miwili akisema ni bawasiri, akanywa mizizi, akanywa majani, akashushia na pombe ya mbege, na alipokubali kupelekwa hospitali tumbo lilikuwa limeshafunga. Daktari akatuita sisi ndugu nje, akatuambia ugonjwa huu hupenda kutembea kwenye ukoo, mliozaliwa naye tumbo moja mkapimwe hata kama hamuumwi, na watoto wenu wakiona dalili wasikae nayo, kwa sababu ukikutwa mapema unatibika, tena mara nyingine kinakutwa kitu kabla hakijawa ugonjwa kabisa na kinang'olewa hapo hapo. Akasema pia tupunguze nyama na pombe, tule mboga na maharage, tutembee, na anayevuta sigara aache. Tukasema ndiyo daktari. Tukazika, tukala nyama ya msiba, tukanyamaza.

Sasa siku moja mkwe wangu, Mama Glory, mke wa mwanangu wa kwanza Aloyce, akaja jikoni kwangu na kuni ambazo sikumwomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo kuni zinatoka wapi?"

Akakaa. Akasema, "Mama, Baba Glory anatoka damu chooni. Tangu palizi. Anasema ni bawasiri."

Niliposikia neno bawasiri nilisikia sauti ya Kanuti kabisa. Nikamwita Aloyce. Aloyce ni mwanaume wa kujaza mlango, ana miaka arobaini na saba, jioni yake bila nyama choma na bia tatu haijawa jioni, na mboga za majani anaziita chakula cha mbuzi. Akasimama pale anachezea funguo za pikipiki.

"Mama, ni bawasiri tu."

"Na mjomba wako alikuwa na nini?"

"Sasa mimi mzee mzima nikalale ubavu niingizwe mpira huko nyuma? Wakwe wakisikia?"

"Wakwe ndio watakaokubebea jeneza."

Akacheka, akaona amepata njia ya kutokea. "Haya basi, tangulia wewe. Wewe ndiye dada wa marehemu. Ukipimwa wewe, na mimi naenda."

Alidhani nitaogopa. Nimezaa watoto saba, mmoja kati yao nimemzaa mwenyewe bila mtu kwenye shamba la kahawa, halafu aniogopeshe na mpira. Nikamwambia mbele ya mke wake, "Umesema." Akasema, "Nimesema."

Kwa hiyo sikushuka mjini kwa ajili ya tumbo langu. Nilishuka kwa ajili ya tumbo la Aloyce.

Kule kwenye zahanati nesi alikuwa binti wa umri wa mjukuu wangu, ana kucha ndefu ila mikono ya upole. Akasema wataanza kwa kutafuta damu iliyojificha kwenye choo, ile isiyoonekana kwa macho, akanipa vikopo vitatu vidogo, kila siku kimoja, akanifundisha namna ya kuchota (hapo sisimulii). Kisha akainua kidole. "Bibi, nisikilize. Siku tatu kabla hujaanza, na siku zote tatu za kukusanya, usile nyama nyekundu, usile maini, usile kitu chochote chenye damu. Kipimo chetu hiki hakijui damu ya mbuzi na damu ya mtu." Akarudia mara tatu. Nikamjibu, "Mjukuu wangu, mimi si mtoto mdogo." Akaomba namba ya simu, nikampa ya Mama Glory, maana simu yangu inakaa na chaji kama kapu linavyokaa na maji.

Siku ya kwanza nilikula maharage na mboga ya mnafu, nikajisifu. Siku ya pili pia. Siku ya tatu ilikuwa kipaimara ya Glory, na hapo ndipo nilipoingia shimoni kwa miguu yangu mwenyewe.

Aloyce alichinja mbuzi wawili. Sasa huku kwetu mbuzi akichinjwa damu haimwagwi, inakingwa, inatiwa kwenye supu ya utumbo na mafuta, inakorogwa bila kupumzika isigande, na hicho ndicho kisusio. Mkorogaji wa kisusio wa ukoo huu ni mimi. Wameshajaribu wengine, kikatoka mabonge kama matofali. Nikakoroga kuanzia misa ya kwanza mpaka maandamano yanarudi, harufu inanipanda puani, sijaonja hata kidole, nasema moyoni kwa ajili ya Aloyce, kwa ajili ya Aloyce. Nikaenda kukaa kwenye kiti cha bibi, pembeni ya katekista. Mara namwona Mama Glory anakuja, amepiga goti, bakuli la kwanza kabisa mikono miwili.

"Mama, karibu. Tuanze na wewe."

Hapa wageni hawawezi kuelewa mpaka niwaeleze. Kwetu mkubwa akikataa bakuli aliloletewa kwanza mbele ya watu, hakuna anayefikiri ameshiba. Watu wanaweka vijiko chini, wanaulizana bibi amekosewa na nani. Na wiki ile ile mimi na Mama Glory tulikuwa tumegombana kwa sauti kuhusu majani ya ng'ombe, majirani wote wamesikia. Ningekataa, kipaimara ya mtoto ingegeuka baraza. Au niseme ukweli? Niseme nini, kwamba asante mwanangu, ila kesho nakusanya choo changu kwenye kikopo? Katekista ameshika kijiko hapo?

Nikapokea. Nikasema, "Aika," yaani asante kwa kwetu, nikanywa. Na kwa vile lilikuwa limeshaharibika, nikajiuliza la pili litaharibu nini zaidi. La pili niliomba mwenyewe.

Mtu mwenye akili angesubiri siku nyingine tatu. Mimi nikaona kushuka na kupanda huu mlima kwa goti langu hili si mchezo, na kipimo kitajua chenyewe. Nikakusanya. Nikavifunga vikopo kwenye kanga, kanga kwenye mfuko, mfuko kwenye pochi ya kanisani, nikakaa kwenye foleni nimeishika kama mwenye mayai. Nesi akauliza, "Bibi, hukula nyama?" Nikasema, "Hata harufu." Uongo mzito, nimevaa na rozari.

Baada ya siku chache simu ikapigwa kwa Mama Glory. Nesi alisema (najua sasa, nimeulizia neno kwa neno) kwamba damu imeonekana, bibi aje aangaliwe kwa kamera, na hiyo haina maana kwamba ana saratani. Mama Glory alisikia "damu". Yaliyofuata yalianguka njiani. Akapiga yowe, akaweka habari kwenye kundi la ukoo la kwenye simu, na jua halijafika katikati mimi nilikuwa nimeshakufa mpaka Dodoma.

Wakaja. Walikuja na mayai, na sukari, na ndizi, ndizi mwaka ule! Mwanamke mmoja ambaye hajanisalimia tangu ugomvi wa mfereji alileta mkungu mzima, akalia begani kwangu. Wajukuu wakaniosha miguu. Binti zangu wakapanda mabasi. Shemeji yangu Severini, mdogo wa marehemu mume wangu, mtu ambaye akisikia ugonjwa anasikia kaburi, nikamwona dirishani anapita na kamba kihambani, anapima karibu na kaburi la kaka yake, anaweka vijiti.

"Severini, unapima nini?"

"Napima tu, shemeji. Mvua zikianza, kuchimba kunakuwa shida."

Kwa nini sikusema? Nilitaka kusema siku ile ile, mdomo ulishafunguka. Lakini Aloyce aliingia chumbani kwangu, amejaza mlango kama kawaida yake, ila uso umesinyaa kama wa mtoto aliyepotea gulioni. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akanishika kidole kimoja. Akasema, "Mama, na mimi naogopa. Jumatatu naenda kupimwa. Nimeshamwambia Mama Glory."

Mnaona nilivyobanwa. Nikisema ni kisusio, Jumatatu inakufa. Nikinyamaza mpaka Jumatatu, mtoto atakwenda. Ilikuwa Alhamisi. Nikahesabu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, siku tatu tu za kulala na kuugua kidogo. Nikajilaza. (Na nisifiche, mayai yalikuwa matamu, na kuoshwa miguu kuna raha yake kwa mtu aliyeosha ya wengine miaka sitini.) Kila aliyeingia niliguna. Kufikia Jumamosi nilikuwa nimechoka kuugua kuliko nilivyowahi kuchoka kulima.

Jumapili baada ya misa wakaniletea padre. Jumuiya nzima uani, wanaimba zile nyimbo za taratibu, mafuta ya Mpako wa Wagonjwa mezani kwangu juu ya kitambaa cheupe. Padre akawatoa watu ili niungame kwanza. Hapo ndipo nilipoona nimefika ukutani. Unaweza kumdanganya nesi. Lakini kupakwa mafuta matakatifu kwa ajili ya damu ya mbuzi, hapana, hata mimi nina mpaka.

"Padre," nikasema, "siumwi. Nilikula kisusio."

Nikamwambia yote: kikopo, bakuli, bakuli la pili, Aloyce, Jumatatu. Nilisikia anakohoa. Nikatazama, nikaona hakohoi, amejifunika uso kwa stola yake ya shingoni, mabega yanaruka. Alipotulia akafuta macho, akasema, "Bibi, mimi nimefungwa mdomo. Wale walioko nje utawaambia wewe."

"Kesho, padre. Jumatatu jioni."

"Severini ameshika jembe, bibi."

Nikatoka. Watu wakaacha kuimba. Walidhani muujiza umeanza, maana mgonjwa anatembea mwenyewe. Nilisimama mbele ya watu zaidi ya arobaini, kanga begani, nikasema kwa sauti ileile ya kuitia ng'ombe, kwa sababu jambo la aibu ukilisema polepole unaombwa ulirudie: "Damu waliyoiona ni ya mbuzi wa kipaimara. Nilikatazwa kula, nikala mabakuli mawili, nikakaa kimya. Nisameheni. Mwenye mayai yake aje achukue yaliyobaki."

Halafu mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo bibi hafi?" na uani pakalipuka. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yule wa mfereji alicheka huku akiutafuta mkungu wake kwa macho. Severini peke yake alikasirika, akasema vijiti amevipiga kwa shida. Mama Glory hakucheka, alifunika mdomo akaniangalia, akili yake imeshafika pale pale ilipokuwa yangu.

Kwa sababu aliyecheka kuliko wote alikuwa Aloyce. Alicheka kicheko cha mtu aliyetolewa rumande. Akapiga makofi, akamwambia kila mtu, "Si nilisema? Vipimo vyenyewe havijui mbuzi na mtu! Bawasiri ni bawasiri." Jioni ile alikwenda kwenye bia zake. Jumatatu alikwenda shambani.

Jumatatu hiyo niliyekwenda mjini ni mimi. Sokoni nilipitia upande wa nyuma, hata hivyo muuza nyanya akaniita, "Bibi Kisusio, karibu!" Habari ilishuka mlima kabla yangu. Zahanati nikakutana na daktari mwenyewe, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, nikamweleza, nikasubiri acheke. Hakucheka. Akasema, "Kisusio kinaweza kudanganya kipimo. Lakini siwezi kujua kama damu yote ilikuwa ya mbuzi. Na wewe ni dada wa aliyekufa kwa ugonjwa huu, ulitakiwa kuangaliwa kwa kamera tangu mwanzo, kisusio au bila kisusio. Ungekuwa umetuambia habari ya kaka yako siku ya kwanza, tusingekupa hata vikopo."

Sikuwa nimesema habari ya Kanuti. Niliona aibu kwamba ukoo wetu una ugonjwa wa huko. Angalieni aibu ilivyonizungusha.

Hospitali ya kamera walinipa dawa ya kunywa kusafisha tumbo, madumu ya maji, siku nzima nikiwa mkazi wa choo, nikamaliza hata dhambi. Kesho yake nikalala ubavu. Sikusikia cha maana, walinichoma sindano ya usingizi mwepesi, nikaota nakoroga. Nilipoamka daktari wa pale akanionyesha picha: ukuta wa utumbo, mwekundu, safi, na pembeni kinyama kama harage. Wakakikata hapo hapo, kikapelekwa kupimwa, majibu yakaja baadaye: hakijawa saratani. Daktari akasema kingeachwa miaka, huenda kingefika alikofika Kanuti. Akanipa mwaka wa kurudi, akanikumbusha mboga, kutembea, nyama kidogo. Nikasema ndiyo daktari, na safari hii nikaandikisha kwenye karatasi.

Nikampa Aloyce ile picha. Aliishika kwa ncha za vidole. Wiki hiyo akasema kahawa inaiva. Iliyofuata pikipiki ilikuwa mbovu. Iliyofuata mvua. Mpaka Mama Glory akaenda mwenyewe hospitali, akamwekea siku, akanunua ile dawa ya tumbo, akasimama mlangoni kama askari akihakikisha ameimaliza. Nami nikaapa peke yangu jikoni kwamba anayekuuliza swali huku ameshika kipimo, hata kama ni mtoto wa juzi, unamjibu ukweli, na aibu utaila baadaye na chai. Umri wangu wote nimeogopa macho ya watu wa uani. Yamenifaa nini? Yalinilisha bakuli.

Asubuhi ya siku yake nilikuwa nachambua mnafu. Mama Glory alikuwa ametangulia mjini kushika foleni, amwachie mumewe nafasi kisha awahi kikao cha shule ya Glory. Aloyce akaingia amevaa viatu vya mjini, macho yamezama, tumbo limeoshwa limelegea. Akasalimia, akavuta kigoda.

"Mama, nisikilize. Nitashuka, lakini Mama Glory akishaniachia foleni nitakaa kwa rafiki yangu mpaka saa nane. Akikupigia, wewe mwambie nimekupigia nikasema nimepimwa, sina kitu. Wewe akikusikia anaamini."

"Sisemi, Aloyce. Nenda mwenyewe ukalale kile kitanda."

Akatabasamu. "Mama, mara moja tu. Wewe mwenyewe si ulimdanganya nesi?"

Nikaendelea kuchambua mnafu. Akainuka, akatoka, nikadhani ameondoka. Nikamwona kupitia mlangoni ameinama kwenye ua wa mpakani, anakata jani la isale. Akalifunga fundo kama wazee, akarudi, mtu mzima wa kujaza mlango, akapiga magoti kwenye majivu na viatu vyake vya mjini, akaliweka mapajani kwangu kwa mikono miwili.

Ninyi wa huku mnajua. Isale likishawekwa mapajani mwako halirudishwi, na aliyelileta hanyimwi anachoomba. Watu wamesameheana damu kwa jani hilo, mipaka imerudi, mabinti wamerudi kwa waume. Mama yangu hakuwahi kulikataa, wala mimi.

"Mama, nimekuja na isale. Naogopa. Nisaidie."

Kule barabarani bodaboda aliyemwita akapiga honi. Nikaliangalia jani, nikaangalia kichwa chake kilichoanza mvi, nikamwekea mkono juu yake. Nikalichukua isale, nikamrudishia kwenye kiganja, nikakifunga kiganja.

"Sisemi, Aloyce. Nenda mwenyewe ukalale kile kitanda."